Mashine Bila Mbegu: Tuliyoyaona Singida, na Yatupasayo Sisi Wenye Karafuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita, hapa Chake Chake, alisimama mwanachama mmoja akauliza swali ambalo siku ile halikupata jibu. Alisema hivi: makonyo yetu twayauza kwa bei ya makonyo, na majani ya mikarafuu yaoza chini ya miti, hali mafuta yake yauzwa ng'ambo kwa fedha nzuri. Basi kwa nini Jumuiya yetu isikope, ikanunua mtambo wake wenyewe wa kutoa mafuta? Mkutano mzima ulipiga makofi. Nasi tulipiga, hatufichi.

Baada ya makofi ilibaki kazi ya kamati. Mkopo hulipwa na watu, na dhamana yake ni mashamba, na mashamba yetu ndiyo urithi wa watoto. Kwa hiyo kamati iliona heri, kabla ya kutia saini karatasi yoyote, watu watatu waende kuwatazama wenzetu waliokwisha kuifanya kazi hii ya kukamua mafuta katika viwanda vidogo, kwa msaada wa Serikali. Tulichagua Mkoa wa Singida. Huko hakuna mkarafuu hata mmoja, lakini kuna alizeti, na kuna mashine za kukamua zilizoenea mjini na vijijini. Tulikwenda sisi Katibu pamoja na wazee wawili wa kamati, na hii ndiyo taarifa yetu.

SAFARI

Tulipanda meli Mkoani, tukapitia Unguja hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo tulipanda treni mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na kutoka Dodoma tulikwenda kwa basi, tukapita Manyoni, hata tukafika Singida mjini. Ni mji wenye upepo mwingi, uliozungukwa na mawe makubwa ya ajabu, na una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mkoa wenyewe ulitengwa mwaka 1963 kutoka katika Jimbo la Kati la zamani, na wenyeji wake wengi ni Wanyaturu na Wanyiramba. Mvua yao ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, nayo ni haba. Mzee wetu mmoja aliitazama ardhi ile kavu akasema, mtu aliyezaliwa penye mvua ya Pemba hana budi kumshukuru Mungu kila asubuhi.

Ukavu huo ndio ulioifanya alizeti ipendwe, maana huvumilia jua pale ambapo mahindi hukata tamaa. Hupandwa mvua zinapokwisha kushika, na huvunwa tangu mwezi wa Mei au hapo karibu. Mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kula, na makapi yabakiayo, yaitwayo mashudu, hulishwa ng'ombe na kuku. Na kuku wa Singida, kila aliyefika Dar es Salaam amewasikia.

JINSI MASHINE ZILIVYOFIKA

Yafaa wanachama wajue kwamba nchi hii ilijaribu kwanza njia ya ukubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, na kisha Urambo na Nachingwea, ili Uingereza ipate mafuta baada ya vita. Yaliletwa matrekta kwa mamia, na ardhi ikang'olewa miti. Mvua haikuja kama ilivyotarajiwa, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga hazikutoka. Hata alizeti ilijaribiwa pale Kongwa, nayo haikuuokoa mpango. Mwaka 1951 Serikali ile ilikubali kwamba hasara ilikuwa paundi milioni 36. Mpango ulianza na mashine, na habari ya udongo na mvua ikaulizwa baadaye.

Baada ya uhuru njia ilibadilika. Mwaka 1966 liliundwa shirika la taifa la viwanda vidogo, na mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda shirika jipya mahali pake, ndilo SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu ufundi, kuwajengea majengo ya kufanyia kazi, kuwauzia mashine kwa kulipa kidogo kidogo, na kuwatafutia wataalamu. Tangu mwaka 1976 viwanda vidogo vya Sweden viliunganishwa na vya kwetu kama ndugu, wenye ujuzi wakiwafundisha wasio nao. Lakini ilipofika miaka ya 1980 nchi iliishiwa na fedha za kigeni, na viwanda vingi vilikaa na mashine nzuri na mafundi wazuri, bila ya malighafi. Neno hilo, malighafi, tunaomba mliweke moyoni, maana tutalirudia.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, upande wa Arusha, ulifanyika mradi wa alizeti vijijini, na mwaka 1985 ikatengenezwa mashine ya mkono ya kukamulia. Ilikuwa chuma chenye mkono mrefu. Mtu huuinua na kuushusha, na bomba la ndani huzisukuma mbegu mpaka mafuta yatiririke. Haikutaka umeme wala dizeli, na fundi wa chuma wa mjini aliweza kuitengeneza. Mashine hiyo ilisafiri katika nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu iliwafunza wakulima jambo moja kubwa: kwamba mafuta yaweza kutoka kijijini, si lazima yatoke kiwandani mbali. Baadaye zikaja mashine za umeme zenye skrubu kubwa, na hizo ndizo zilizoenea Singida sasa.

MAMA MWENYE MASHINE MBILI

Siku ya pili tulipelekwa kwa mama mmoja mwenye kiwanda kidogo. Alitupokea kwa heshima, akawawekea wazee viti kivulini, na kabla ya kutuonyesha mashine alituletea uji. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa alitufungulia daftari lake, na siri ya daftari ni amana.

Kiwanda chake ni banda la bati, lenye mashine mbili, chujio, na madumu yaliyopangwa ukutani. Alianza na mashine moja, kwa mkopo mdogo. Mikopo ya namna hiyo SIDO huitoa kwa mfuko wa kuendeleza wajasiriamali ulioanzishwa mwaka 1994. Halmashauri za wilaya nazo, kwa sheria ya mwaka 2018, hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ya halmashauri ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarudishwa mwaka uliofuata. Kadhalika mwenye kiwanda kidogo akiwa na barua ya SIDO, hupata nafuu ya gharama anapopeleka bidhaa yake kupimwa na Shirika la Viwango, TBS, na bila ya alama ya TBS dukani hakubaliki. Haya yote mama aliyasifu, nasi twayasifu pamoja naye.

Tukamwuliza, je, mashine hizi hukamua miezi mingapi kwa mwaka? Hapo alicheka. Alisema kwamba wakati wa mavuno mashine haipumzi, watu hupanga foleni na magunia yao, na usiku taa haizimwi. Lakini mavuno yakipita tu, mbegu huwa zimekwisha. Malori hufika na wanunuzi wenye fedha mkononi, hununua gunia kwa gunia shambani, na mbegu huondoka. Mwenye kiwanda kidogo hana fedha za kununua akiba ya mwaka mzima katika majuma yale machache ya mavuno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka mashine zake hulala, na deni halilali.

Mzee wetu wa pili, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimwuliza kama mkopo wake ulikuwa wa mashine au wa mbegu. Akajibu kwamba ulikuwa wa mashine, maana mashine huonekana na huweza kuwekwa dhamana, lakini mbegu huliwa na panya na hakuna mkopeshaji aipendaye. Akaongeza kwamba lau angeanza upya leo, angenunua mashine moja badala ya mbili, na fedha za ile ya pili angezitia katika mbegu.

Ndugu wanachama, neno hilo peke yake lilitosha kulipa nauli yetu.

KUPANDA NA KUSHUKA KWA USHURU

Lipo jambo la pili, nalo mwenye kiwanda hana uwezo nalo kabisa. Tanzania haitoshelezi mafuta yake ya kula. Hesabu zilizotajwa na Serikali mwaka 2021 zilikuwa mahitaji ya tani 570,000 hivi kwa mwaka, na zilizopatikana nchini zilikuwa tani 205,000 hivi. Zinazobaki huagizwa, nazo nyingi ni mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, ambayo ni rahisi.

Ili kumlinda mkulima, katika bajeti ya mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya mawese kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwezi Juni 2021 Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alikutana na wadau wa alizeti pale pale Singida, na Serikali ikaichagua mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu iwe ya mbele katika zao hilo, na mbegu bora zikauzwa kwa bei ya ruzuku. Wakulima walilima kwa bidii.

Mwaka 2022 vikaja vita vya Ukraine, na Ukraine na Urusi ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti ya dunia. Tena Indonesia, kwa majuma kadhaa, ilizuia mafuta yake yasitoke. Bei ya mafuta ikaruka, na watu wa mijini wakalia. Serikali ikalegeza ushuru ili mlaji apate nafuu. Mafuta ya nje yakaingia, na msimu wa 2023 bei ya mbegu za alizeti ikaanguka, wakalia wakulima. Kisha Serikali ikarudi kuuongeza ushuru.

Hatusemi Serikali ilikosea. Yeye mwenye watoto wawili, mmoja anunua mafuta na mmoja ayauza, akimfurahisha huyu humwumiza yule. Twasema tu kwamba alizeti hupandwa mara moja kwa mwaka, na ushuru ukibadilika katikati, mkulima hawezi kuirudisha mbegu ghalani. Msaada mkubwa wa Serikali kwa kiwanda kidogo, kwa maoni yetu, ni kusema mapema litakalokuwa na kulishika lililosemwa.

Nasi wa karafuu tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa bara tu. Indonesia hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, kwa ajili ya sigara zao. Ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, bei yetu ilianguka katika miaka ya 1980, na wazee wenu wakumbuka karafuu zilizoachwa mitini kwa sababu ujira wa mchumaji haukurudi.

MAFUTA GHAFI NA MAFUTA SAFI

Jambo la tatu tuliliona sokoni. Mafuta yanayotoka katika mashine ndogo ni mazuri kwa chakula cha nyumbani, lakini ni ghafi. Yamechujwa tu, hayakusafishwa kwa mitambo. Viwanda vikubwa vyenye mitambo ya kusafisha vipo Singida, na mafuta yao hukaa dukani katika chupa zenye karatasi ya rangi. Mwenye mashine ndogo huuza ghafi yake kando ya barabara katika madumu, yakipigwa jua, au humwuzia mkubwa kwa bei aitakayo mkubwa.

Wapo waliotuambia kwamba wangaliungana watu kumi wakanunua mtambo mdogo wa kusafishia, wangalipata bei nyingine. Tuliuliza kwa nini hawakuungana. Jibu lilikuwa lile lile tulijualo hapa kwetu: kila mtu ana banda lake, na kila mtu aogopa daftari la mwenzake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushirika bila daftari hauanzi kabisa.

SASA MAMBO YETU

Tuyapime mambo yetu kwa mizani hiyo. Karafuu kavu zina mafuta mengi, kama kilo 15 hadi 20 katika kila kilo 100. Lakini hizo zina bei yake, na hakuna mwenye akili atakayezikamua. Makonyo hutoa kilo 5 hadi 7 katika 100, na majani hutoa 2 au 3. Maana yake ni kwamba mtambo wa makonyo hula mzigo mkubwa kwa mafuta machache. Tena makonyo hayakamuliwi kama alizeti, bali hupikwa kwa mvuke, na mvuke wataka maji mengi na kuni nyingi. Kuni hizo zitatoka wapi? Zisije zikatoka katika mikarafuu yenyewe.

Pia mwajua kwamba kiwanda cha mafuta ya makonyo kipo tayari kisiwani hapa, pale Wawi, nacho ni cha Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, na kwamba karafuu zetu twaliuzia shirika hilo. Ipo sheria ya karafuu ya mwaka 2014. Basi tukinunua mtambo kabla ya kupata idhini na kabla ya kukaa na ZSTC, tutakuwa tumenunua kesi.

Na karafuu, kama mjuavyo, haina ahadi. Mwaka mmoja mti huinama kwa uzito, na miaka inayofuata mtu huchuma pishi mbili tatu akarudi. Mama wa Singida huipata mbegu kila mwaka, nayo haimtoshi. Sisi mwaka wa karafuu chache tutalipa deni kwa kitu gani?

Haya hatuyasemi ili kuuvunja moyo wa ndugu yetu aliyeuliza. Swali lake ni la haki. Thamani inayotoka kisiwani ndani ya gunia hairudi tena, na vijana wetu hawatabaki hapa kwa kuchuma peke yake. Singida imetuonyesha kwamba jambo lawezekana: watu wasio na bandari wala mvua wamejitengenezea mafuta yao kwa banda la bati na mkopo mdogo. Lakini wametuonyesha pia kwamba kilicho kigumu ni kuilisha mashine mwaka mzima. Kununua ni kazi ya siku moja.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Kamati imekaa mara mbili juu ya taarifa hii, na italeta mbele ya mkutano mkuu ujao mambo manne, ili wanachama wayakubali au wayakatae kwa kura.

Kwanza, Jumuiya isikope fedha za mtambo msimu huu.

Pili, kwa misimu miwili kila mwanachama apime makonyo yake makavu na kuandikisha uzito wake kwa katibu wa tawi. Hatujui leo kisiwa chetu chaweza kulisha mtambo wa ukubwa gani, na asiyejua mzigo wake hajui achukue punda au lori.

Tatu, tuwaandikie ZSTC, na Wakala wa Maendeleo ya Viwanda Vidogo na vya Kati wa Zanzibar, SMIDA, tuombe idhini na mtaalamu wa kutufanyia hesabu ya maji, kuni na soko. Mtaalamu aje kwanza. Mtambo uje baada yake. Kadhalika tuulize kama mkopo waweza kutolewa kwa ajili ya kununulia makonyo, na si kwa chuma peke yake.

Nne, tufungue mfuko wa akiba ya kununulia makonyo, kila mwanachama akitoa kidogo katika malipo ya karafuu zake. Fedha hizo zikiwapo, hata tusiponunua mtambo kamwe, tutaweza kuyakusanya makonyo pamoja na kuyauza kwa sauti moja.

Tunajua kwamba wapo watakaosema kamati imeogopa. Mmoja kati ya wazee tuliosafiri nao alijibu neno hilo tukiwa bado ndani ya basi. Alisema kwamba yeye alikwenda Singida akiwa mmoja wa waliopiga makofi, na amerudi akiwa bado autaka mtambo, lakini sasa ajua ataulisha nini kabla hajauleta nyumbani. Sisi nasi ni hivyo hivyo.

Karatasi za kuandikishia makonyo zitapatikana kwa makatibu wa matawi tangu siku ya kutoka gazeti hili. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake anayesoma. Mizani ya Jumuiya itazunguka matawi yote msimu utakapoanza, bila ya malipo. Na mwenye hoja iliyo kinyume na hii yetu, tunamwomba aiandike, nasi tutaichapa katika toleo lijalo kama ilivyo.

Wabillahi taufiki.

Katibu